Makayabo Yasipikwe Kwenye Kilio Changu

Kaeni, wanangu. Sephora, futa machozi, binti yangu, bado sijafa. Caleb, zima simu hiyo. Na wewe Aristote, mjukuu wangu, sogea hapa niuone uso wako. Mama yako amekuwekea kwenye sahani kipande cha makayabo, hivyo hivyo kilivyotoka sokoni, hakikulowekwa wala kuoshwa, chumvi yote ingali juu yake. Kula chote. Tafuna taratibu, umeze. Jagi la maji lile pale mbele yako, ulitazame tu, kwa maana hutakunywa mpaka nimalize kusema. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi moyo wa kukupa wembe sina, nimekupa samaki.

Sikilizeni, na mnivumilie nikisema Kiswahili cha misheni, kile tulichofundishwa na mapadri, kwa sababu neno la mwisho halisemwi kama mtu anayebishania bei ya mboga za lengalenga sokoni.

Nyumba hii ya Katuba ni ya Sephora, ndiye aliyenigeuza kitandani na kubeba uchafu wangu bila kuziba pua. Caleb, wewe una duka lako Sakania na nyumba yako, usije na mke wako kupima kuta watu wakiwa bado wamekaa kwenye kilio. Baiskeli yangu ni yako, itengeneze breki. Kitanda hiki kichomeni, kimenuka vya kutosha. Na ile medali waliyonitundikia ukutani wenzangu wa zamani, Sephora, itoe pale uitupe chooni. Usinitazame hivyo. Nimesema chooni.

Sasa nifike kwenye kile kinachonizuia kufa. Nimeambiwa kwamba Jumatatu Adalbert, niliyekuwa naye jeshini, atakuja na gari lake kutoka Golf, mtaa wa matajiri, kumchukua Aristote, ampeleke kambini akaandikishwe uaskari, na Aristote amekubali, tena kwa furaha. Najua furaha hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye ile baa ambako wazee wa vita vya Chad wanakutana kila Jumapili, wamevaa kofia zao za kijeshi juu ya mvi, mbele yao bia na sufuria ya makayabo yaliyopikwa kwa nyanya na vitunguu, wanalamba vidole na kusema: "Kule tulikuwa banaume! Tulikula pamoya, tulicheka, tulikuwa bandugu ba kweli. Batoto ba leo habayue kitu." Nilikaa nao mara chache. Nikaondoka nikatapika kwenye mfereji, na sikuwa nimekunywa.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, nchi yetu ikiitwa Zaire. Walitupandisha ndege, wanawake wakipunga vitenge, wakatushusha Chad, kwenye kambi ya mchanga ambako upepo ulianza asubuhi na hukujua utakoma lini. Mchanga ulikuwa kwenye bukari, ugali wetu, ukila unasikia meno yanasaga. Nzi waliingia mdomoni pamoja na tonge, mwanzoni tukatema, baadaye tukawa tunameza tu. Tulihara sote. Choo kilikuwa shimo refu, upepo ukalifunua kila siku, na yale tuliyoyafukia jana yakaturudia usoni leo pamoja na vumbi. Huo ndio undugu wanaousifu, wanangu, wanaume wamechuchumaa mstari mmoja, wanaona aibu kutazamana.

Halafu yakaja makayabo. Mkubwa mmoja huku nyumbani aliulizwa askari wetu wanapenda kula nini, akasema makayabo, na kwa kweli tulikuwa tunayapenda. Basi yakaja kwa ndege, magunia na magunia. Sephora, wewe unajua, kila mwanamke wa Katuba anajua, makayabo yanalala majini toka jioni, maji yanamwagwa, yanatiwa mengine, yanamwagwa tena, ndipo yanaingia sufuriani. Sasa nani anapeleka samaki wa chumvi mahali ambapo maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe? Ni yule ambaye hajawahi kusimama jikoni hata siku moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bomba la maji nyumbani ndiyo kabisa. Nyama ya kopo iliyokuwa yetu wakubwa waliiuza sokoni mjini. Sisi tulikwangua chumvi kwa kisu, tukawapiga samaki kwenye mawe, tukawapangusa kwa mashati yetu machafu, chumvi ikabaki. Ulimi unavimba, Aristote. Unajaa mdomo mzima kama kitu cha mtu mwingine. Naona umeanza kumeza mate. Bado.

Adalbert hakuvimba ulimi. Kazi yake ilikuwa kufua mashati ya kamanda, kuyatia wanga wa muhogo na kuyanyoosha kwa pasi ya makaa. Jangwani, wanangu! Watu wanapasuka midomo, na shati la kamanda limesimama lenyewe kwa wanga. Tulikuwa na mwenzetu, Donat Kalaba, mtoto wa hapa hapa Katuba, baba yake fundi wa reli, alikuwa anaimba kanisani kwa sauti ambayo mama zetu waliisikia wakasahau kutoa sadaka. Donat alimwendea Adalbert, na hakuomba maji safi, aliomba yale aliyokwisha kufulia, yenye povu. Nilikuwa pale. Akasema: "Ndugu yangu, mayi hii unaenda kuitupa, unipatie mi." Adalbert akamjibu: "Mayi ya chef habaombake," maji ya mkubwa hayaombwi. Akalimwaga beseni mchangani mbele ya miguu ya Donat. Mchanga ukanywa.

Donat akaenda kwenye lori, akafungua yale maji yanayopoza injini, yenye kutu na dawa, akanywa. Alikufa kwenye hema letu, tumbo limekuwa ngoma, amelala katika matapishi yake, anamwita mama yake. Risasi haikupigwa. Adui mwenyewe hatukuwa tumemwona hata kisogo. Tulimzika, upepo ukamfunua mguu, tukamfukia, upepo ukamfunua tena, mwisho kamanda akasema tuache, tuna kazi. Kazi gani? Alikuwa anasubiri shati lake.

Na leo Adalbert anasimama kila mwaka mbele ya watu na kusema Donat alianguka na bunduki mkononi, akiilinda bendera. Niliporudi nilimwambia Victorine, dada yake Donat, ukweli, akanifukuza na mwiko. Simlaumu, kifo cha kijinga ni kigumu kukiweka nyumbani, uongo ulikuwa na heshima zaidi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Huyu anatembea tangu ujana wangu, na kila sherehe anafika mapema.

Basi, maagizo yangu. Siku ya kilio Adalbert atakuja na wenzake na kofia zao, watakuja na sufuria, kwa maana wamejizoeza kumpikia hivyo kila anayekufa. Msimfukuze, mpeni kiti, na mpeni maji ya kunywa kabla ya mtu mwingine yeyote. Sufuria irudi garini ikiwa imefunikwa. Makayabo yasipikwe kwenye kilio changu. Hotuba hapana. Bendera hapana. Chimbeni chini sana, mpite udongo mkavu, mufike kwenye ule mwekundu wenye unyevu, munilaze pale. Mimi nataka ubaridi.

Pumzi... ngojeni. Figo zangu zimeoza, na daktari amenipimia maji, kikombe kimoja kwa siku. Mnaona? Nimerudishwa kule kule, na niko juu ya kitanda changu. 

Nawabariki. Caleb, Mungu akupe watu wa kweli dukani na amani na dada yako. Sephora, mikono yako isikose wa kuishika, kama ulivyonishika. Mvua ibanyeshee kwa wakati wake. Mutu asikufie na kiu mu nyumba hii, hata muchawi, hata Adalbert.

Aristote. Midomo yako imekauka, naiona. Ni kipande kimoja tu, na hapa ni kivulini. Sasa chukua jagi. Mimina. Sitakuuliza tena juu ya Jumatatu, weye iko mwanaume, jibu iko yako.

Ee? Kwa nini unaleta kikombe huku? Kunywa, mujukuu... Unanipa mi kwanza? Na kiu yote ile?

Sephora, unamuona mutoto wako?

Kule, mwenye kupatia mwenzake kikombe kwanza, ndiye yeye tulimuzika kwanza. Unasikia? Ndiye yeye. Kaa na mama yako. Mi inanitosha, nimelowanisha midomo.

Kunywa, Aristote. Kunywa yote, nikuone.