Hodi Tatu za Bwana Afya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa wetu. Mheshimiwa Bwana Afya, ambaye tangu saa sita mchana wa leo, ulipokabidhi funguo za ofisi, umebaki kuwa Bwana tu. Mheshimiwa Bibi Afya, unayeanza kazi Jumatatu na ambaye sote tumekuwa tukikutazama kwa pembe ya jicho tangu ulipoketi. Ndugu wageni waalikwa. Ndugu wageni ambao hamkualikwa ila mmefuata harufu ya chakula. Majirani wenzangu, mnaolalamika na mnaolalamikiwa: nawasalimu nyote. Wenye vyeo mnisamehe kama nimewapanga vibaya, maana macho yangu ni ya zamani na viti vyenu vinafanana.

Kabla sijaendelea, lipo boksi chini ya meza kuu, limefunikwa kitambaa cha maua. Naomba lisiguswe. Mkisikia kitu kinakwaruza, mjue ni kipaza sauti. Kipaza sauti hiki ni cha kuazima na kina tabia zake.

Nimeombwa niseme machache ya kumuaga Bwana Afya kwa niaba ya mtaa. Mwenyekiti aliponijia nilimuuliza, "Kwa nini mimi? Mtaa huu una walimu, una muuguzi, una mpaka wakili." Akanijibu, "Mzee, hapa hakuna aliyekaguliwa mara nyingi kama wewe." Nikaona hoja ina uzito. Nani amjuaye paka kuliko panya?

Wengi mnaniita Mzee Mgeni. Jina hilo nilipewa nilipohamia, na nimelikalia kuliko baadhi yenu mlivyoikalia dunia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilitazama ua wangu nikaona jembe halina pa kuangukia, ni saruji kutoka mlangoni mpaka ukutani. Nikanunua kuku.

Nitasema kwa nini, kisha nitaliacha. Mtu akiondoka kwao akiwa mtu mzima, tena si kwa kupenda, mengi aliyoyaacha huzoea kuyakosa. Nyumba utaipata nyingine. Njia utazijua. Kitu ambacho mimi sikukizoea ni asubuhi ya hapa. Ilikuwa haina mtu. Nilikuwa naamka, nasikia lori la taka likilia huku linarudi nyuma, basi, siku imeanza. Kwetu siku ilianza kwa kuku kulalamika: kwa nini mlango haujafunguliwa, kwa nini pumba ni za jana, kwa nini fulani amekaa mahali pangu. Nilikosa wa kunilalamikia asubuhi. Mke wangu anasema yeye alikuwepo. Ni kweli, lakini yeye hulalamika kwa haki, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Kuku wakaja, na nyuma yao ikaja sheria. Hiyo sheria ndogo ya usafi wa makazi nimeisoma yote. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha kurasa katika kiwanda cha kuchapa vitabu, kwa hiyo nimesoma hata vifungu ambavyo nina hakika aliyeviandika hakuvisoma. Inakataza kufuga ndege uani, isipokuwa ndege wa mapambo.

Bwana Afya alikuja kwangu mara ya kwanza kwa malalamiko ya jirani yangu, mshonaji, yule pale safu ya pili, ambaye tunamwita Mama Pazia kwa kuwa hushona mapazia na vilevile hukaa nyuma yake. Malalamiko yalikuwa mawili. Jogoo wangu anawika kabla jua halijaamua. Na unyoya wa kuku wangu umeshonewa ndani ya pazia la mteja, na mteja ameuona.

Bwana Afya akapiga hodi. Mke wangu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaitika "Karibu" kabla neno halijatua. Mgeni akaingia, na kwenye kiti cha wageni akamkuta kuku wetu kishingo, yule ambaye Mungu alimnyima manyoya ya shingoni, amekaa kama mwenye nyumba.

Sijawahi kumwona ofisa wa serikali akiona haya namna ile. "Mama," akamwambia mke wangu, "umeitika upesi mno."

Nikajaribu sheria. Nikasema, "Bwana Afya, huyu ni ndege wa mapambo."

Akamtazama kishingo. Kishingo akamtazama. "Mzee," akasema, "huyu ni pambo la nini?"

"Uzuri uko machoni, Bwana Afya."

"Basi macho yangu yako kazini."

Akaamuru jogoo aondoke, na kuku wakapewa onyo. Lakini alipofika mlangoni, akiwa amevaa viatu tayari, alisema maneno ambayo sikuyaelewa siku ile. Alisema, "Bibi yangu alinifundisha kwamba hodi ni tatu. Asiyeitikiwa hajaingia, na asiyeingia hajaona."

Jogoo akaenda kwa shemeji yangu nje ya mji, anakowika mpaka leo bila kibali. Wiki iliyofuata Mama Pazia alikwenda ofisini tena. Habari hii nimeipata kwa Bwana Afya mwenyewe. Alimuuliza, "Mama, leo unamlalamikia nani?"

"Jogoo."

"Jogoo ameshaondoka."

"Ndicho ninachokilalamikia. Nachelewa kuamka, wateja wananikuta na kanga ya kulalia."

Mama, usinikazie macho. Nilikuomba ruhusa jana, na ulisema nitaona nikithubutu. Nimeona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shughuli ilipo. Ukaguzi wa pili tulisikia hodi ya kwanza ikitokea mbali, kule kwenye kona, mahali ambapo hakuna mlango wa mtu. Mke wangu akafungua kinywa kuitika. Nikamziba kwa kiganja, kwa heshima zote za ndoa. Ndipo nikayaelewa maneno ya bibi yake Bwana Afya. Tulikuwa tumepewa hodi mbili za kupumulia.

Tukakamata kuku. Nani kati yenu amewahi kukamata kuku kimya kimya? Tukawanyanyua juu ya ukuta tuwatupe upande wa pili, na katika ile haraka tukasahau upande wa pili ni kwa nani. Kishingo alikuwa tayari hewani niliposikia sauti ya Mama Pazia mwenyewe, mlalamikaji nambari moja. Angeweza kumnyanyua juu akaita serikali. Badala yake ikatokea mikono miwili juu ya ukuta, na utepe wa kupimia ukining'inia, na sauti ikasema, "Wapitisheni taratibu, mtawavunja miguu."

Hodi ya pili ikapigwa mbele ya duka. Ya tatu langoni. "Karibu," akaitika mke wangu, anahema.

Bwana Afya akaingia, akakagua banda tupu. "Mzee, hili banda ni la nini?"

"Ni la kumbukumbu."

Akakubali chai. Tukiwa katikati ya kikombe, kuku mmoja huko ng'ambo ya ukuta akataga, na akafanya kama wanavyofanya wakitaga, yaani akautangazia mtaa mzima. Bwana Afya akatega sikio. "Mama Pazia naye ameanza kufuga?"

"Hapana, hiyo ni cherehani yake."

Akanywa funda refu sana. "Mwambieni aitie mafuta," akasema.

Na hivyo ndivyo tulivyoishi, ndugu zangu. Mama Pazia aliendelea kulalamika, maana ni haki yake. Bwana Afya aliendelea kukagua, maana ni kazi yake. Na kuku waliendelea kuvuka ukuta, mpaka wakafika mahali wakisikia hodi ya kwanza wanapanga foleni wenyewe.

Msije mkadhani huyu alikuwa mtu wa kulegea. Mnalikumbuka bucha la kona? Siku aliyolifunga, mwenye bucha alisikia kufuli, hakusikia hodi. Mnakumbuka watoto walipoumwa matumbo, na kila mtu akamsingizia mwenzake? Nani alipanda juu ya tangi la maji, mtu wa umri ule, mwenye magoti yale, akashuka na panya aliyekufa ameshikwa mkiani, akatupitishia mlango kwa mlango tumwone? Alijua kitu gani kinaua mtu na kitu gani kinamkera jirani tu. Kwa kile cha kwanza alikimbia. Kwa cha pili alitembea polepole, akikohoa.

Ilinisumbua kwa muda kwa nini Mama Pazia alitunusuru. Nikamuuliza siku moja ukutani. Akaendelea kuuma pini zake, kisha akasema, "Mzee Mgeni, mimi nilipeleka malalamiko, sikupeleka kuku. Hawa wakiondoka, nikiamka asubuhi nitamlalamikia nani?" Mume wake alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita. Nilikuwa nimedhani katika ukuta ule aliyekosa asubuhi yake ni mimi peke yangu.

Mheshimiwa Bibi Afya, sasa nageukia kwako, na mke wangu kule nyuma ananiashiria nikae. Sikai. Mambo haya utayajua Jumatatu, afadhali uyasikie kwa mwenye kuku. Sifa zako zimekutangulia. Tumesikia kwamba wewe unabonyeza kengele na kufungua mlango kwa mkono huo huo, bila kungoja karibu. Tumesikia kwamba kule ulikotoka, bata walihama wenyewe. Nakuheshimu kwa hilo. Ninayekuomba ni mtu ambaye ameshahamishwa mara moja, na ambaye sasa mali yake yote ya asubuhi ni kuku wachache wasio na adabu. Wakiondoka Jumatatu, Jumanne nitaamka katika ile asubuhi ya lori, na Mama Pazia ataamka katika ya kwake. Sikuombi ufute sheria. Wala sikuombi ufumbe macho, kwa sababu macho yako yako kazini. Naomba hodi tatu tu, na kidogo cha kupumua katikati...

Naam. Mmesikia nyote. Kipaza sauti kimetaga.

Tulieni, ndugu zangu. Tulieni, Mwenyekiti, shuka kwenye kiti. Ilikuwa nilieleze hili boksi mwishoni, kwa utaratibu, lakini aliyemo ndani hakuona ratiba. Ni zawadi ya mtaa kwa Bwana Afya. Kamati ilipendekeza saa ya ukutani, kama wanavyopewa wastaafu wote, ili wahesabu vizuri muda walionao wa kukaa bure. Lakini Bwana Afya alikuja kwangu wiki iliyopita, akapiga hodi moja, nikamwitikia hapo hapo kwa kuwa alikuja kama mgeni. Anahamia kwa binti yake, ghorofa ya nne. Akakaa, akazungusha kikombe, akaniuliza, "Mzee Mgeni, hivi kule juu asubuhi inakuwaje?" Nikanyanyuka, nikaenda bandani. Kwa hiyo humo ndani yumo kishingo, na atakaa kwenye roshani kinyume cha sheria ndogo ambayo Bwana Afya anaijua kuliko sisi sote.

Na roshani hiyo, Bibi Afya, nimeulizia, iko katika eneo lako.

Samahani, ndugu wageni. Bibi Afya amesema kitu, na kwa kuwa hana kipaza sauti nitakirudia. Amesema hodi.

Mbona mnanitazama? Amesema hodi, na ni ya kwanza. Amefunga daftari lake na anatazama dari. Mke wangu, funga mdomo, tafadhali. Bwana Afya, kaa, magoti yako hayatafika. Vijana wa mbele, shikeni boksi huku na huku. Lipelekeni safu ya pili. Lisiinamishwe, na mpitisheni taratibu, mtamvunja miguu. Mama Pazia, pokea. Najua, mama, utalalamika kesho, ila sasa pokea.

Hodi ya pili. Anazipanga vizuri. Anazipanga kama Bwana Afya mwenyewe.

Safu ya nne, msicheke, mnamtia kishingo wasiwasi. Mlango wa nyuma ufunguliwe. Haya, Mama Pazia ametoka naye.

Na ya tatu hiyo.

Karibu, Bibi Afya. Karibu sana mtaani kwetu. Kagua unapotaka. Chini ya meza kuu, kama unavyoona, hakuna kitu, isipokuwa yai moja lililochomoka kwenye boksi, nalo ni la mapambo.

Bwana Afya, nenda salama, na asubuhi zako ziwe na kelele. Ninyi nyote mliniazima masikio. Nawarudishia yakiwa mazima, na nawashukuru kwa kunisikiliza.