Pumzi ya Fiona

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fiona Rennie, mwimbaji wa pop kutoka Dundee, Uskoti. Aliimba kwa miaka mingi katika hoteli moja hapa Doha, kule kisiwani The Pearl. Hoteli hiyo ilimkosea akiwa hai. Alipokufa, ikamkosea tena.

Sauti ya Fiona ilikwaruza kidogo, na lafudhi ya kwao hakuificha. Kabla ya kuanza wimbo alivuta pumzi kwa nguvu, ukaisikia hadi meza ya mwisho. Pumzi hiyo ndiyo iliyoingiza bendi. Nahashon, mpiga besi wake kutoka Kisii, alilijua hilo tangu mazoezi ya kwanza chumbani kwake mtaa wa Al Mansoura.

"Sista, si unihesabie basi!"

"Masikio ni ya kuvalia miwani?" Fiona akamjibu. "Nikivuta pumzi, ingia."

Meneja wa hoteli hakuitaka pumzi hiyo. Kila rekodi aliamuru isafishwe kwa kompyuta. Pumzi ikatolewa, lafudhi ikalainishwa. Fiona alimwambia usoni, "Huyo si mimi."

Mwezi uliopita moyo wake ulisimama ghafla. Mwili ukarudishwa Dundee. Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, wenzake walikusanyika katika ukumbi wa hoteli kumuaga. Kaka yake, Shaun, alikuwa akisikiliza kutoka Uskoti kwenye simu ya mpiga ngoma. Meneja alileta maua, na rekodi. Alitaka sauti itoke kwenye spika, bendi ipige pamoja nayo.

Wimbo ukaanza bila pumzi. Ngoma zikaenda huku, besi kule. Nahashon akasimama ameshika gitaa, uso umemvimba kwa hasira.

"Huyo anayeimba ni nani?" Shaun akauliza kwenye simu.

Ndugu wa tumbo moja, hakumtambua dada yake!

"Hassani, zima!" Nahashon akamwambia fundi mitambo.

"Hiyo ndiyo rekodi rasmi, ndugu yangu," meneja akasema.

"Rasmi ya nani? Mmemsugua mpaka mmemfuta!"

Akampa Hassani simu yake, yenye wimbo uleule waliorekodi Al Mansoura. Kiyoyozi kikanguruma kwenye spika. Jirani akagonga ukuta. Kisha Fiona akavuta pumzi, na bendi nzima ikaingia pamoja.

"Sasa huyo ndiye," Shaun akasema, akilia.

Hoteli bado inapiga ile iliyosafishwa, wageni wakila. Aibu yao.

Shaun na jamaa wote wa Dundee, poleni sana. Pole, Nahashon na bendi. Nanyi wasikilizaji mnaotunza sauti za wapendwa wenu, jiulizeni mnamtunza nani mkishakata msichokipenda. Sasa tunapiga ile ya Al Mansoura. Tunyamaze. Avute pumzi kwanza.