Toliva Hakuwahi Kuiona Bahari

Pale Fereej Bin Mahmoud, mtaa mmoja wa Doha, kati ya dobi na duka la simu, kuna benchi ambalo kinyozi mmoja alilitupa nje alipobadilisha viti, na Wakenya wakalirithi. Ijumaa baada ya alasiri, hasa Novemba hii ambapo jua limeacha kumchuna mtu ngozi, utawakuta hapo. Phoebe, nesi, wanamwita Sista. Huja moja kwa moja kutoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, na chupa yake ya kahawa ya tangawizi. Philipo, dereva wa familia moja ya Al Wukair, ni Kafili, yaani mwajiri, kwa sababu hukaa katikati ya benchi na kutoa amri ilhali hajaajiri hata paka. Wanjohi, fundi wa AC, ni Kompresa. Na Job Kiprono, mlinzi wa jengo refu kule Lusail, ni Maktaba. Jina hilo alilipata miaka mitatu iliyopita, pale Mmarekani mmoja aliyekuwa akirudi kwao alipomwachia katoni ya vitabu kumi na kimoja, vyote vya mwandishi mmoja wa kale wa hadithi za safari na hatari, Ezra Tolliver. Benchi lilimwita Toliva, basi. Job alisoma lindoni wiki nzima, na Ijumaa akawasimulia: meli zinazozama, mapango yenye dhahabu, nahodha aliyepigana na chui kwa mkono mmoja.

Ijumaa hiyo alikuja na uso mzito, akakaa bila kusalimu.

— Maktaba, kwani nahodha amekufa? — Philipo akauliza.

— Nahodha yuko sawa. Shida ni Toliva.

— Si alikufa kitambo, hata babu yangu hajazaliwa?

— Nimemaliza kitabu cha mwisho. Huko nyuma wameandika maisha yake. — Job alikohoa kidogo. — Jamaa hakuwahi kuiona bahari.

Wanjohi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Hakuwahi nini?

— Bahari. Alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ya reli, kamji kadogo katikati ya mashamba ya ngano. Miaka thelathini na moja. Watu wanakuja dirishani, wanasema wanakokwenda, anawakatia tiketi, wanaenda. Yeye anabaki. Safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya kwenda kung'olewa jino.

— Aki woiye! — Phoebe akafunika mdomo. — Na vile tulivyotapika naye kwenye zile dhoruba!

— Ndiyo maana simba wake walikuwa wanalala juu ya miti kama tumbili, — Wanjohi akasema. — Mimi nilishuku siku ile. Nikanyamaza kwa heshima tu.

— Wewe? Wewe uliuliza kama hao simba wanataga mayai! — Philipo akamkumbusha.

Wakacheka. Job hakucheka. Walidhani ananuna kwa ajili ya kitabu, naye akawaacha wadhani hivyo. Saa kumi na mbili kwa siku alisimama mlangoni pa watu wengine, akiwafungulia wanaoingia na wanaotoka na masanduku ya magurudumu. Miaka mitatu kilichomwezesha kusimama pale ni kule kuamini kwamba palikuwa na mtu aliyekwenda mbali sana, akaona kila kitu, akarudi kwao salama kusimulia. Kumbe Toliva naye alikuwa wa mlangoni.

— Hebu nyamazeni niwaeleze, — Philipo akasema, akijinyoosha kiunoni kama mwenye mkutano. — Huyo mzee hakuwa mjinga. Dirisha ni lake, tiketi ni zake. Baharia anakuja, anataka kwenda kwao. Toliva anamwambia, treni ipo, lakini kwanza nipe kisa. Huna kisa, lala hapo kwenye benchi.

— Sasa huyo chui? — Phoebe akauliza.

— Chui alitoka kwa abiria wa daraja la kwanza.

— Wacha hizo, — Wanjohi akamkata. — Hiyo ni kazi ya pacha. Walizaliwa wawili. Mmoja amebaki stesheni, mwingine anazunguka dunia na kumletea habari. Jina ni moja, sura ni moja, nani atajua? Na mimi nakwambia, aliyezikwa ni yule wa stesheni. Huyu mwingine mpaka leo hajulikani aliko.

— Mpaka leo? — Philipo akauliza. — Ana miaka mia na hamsini?

— Watu wa baharini hula samaki sana.

Phoebe alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, jinsi anavyowatikisia wagonjwa wanaokataa sindano.

— Nyinyi wanaume. Mmesahau jinsi alivyoeleza harufu ya mkate kwenye ile nyumba ya kisiwani? Mwanamume gani anakumbuka harufu ya mkate? Aliyeandika ni mke wake. Tena si kuandika tu. Mama alivaa suruali, akakata nywele, akapanda meli. Bwana akaachwa akikata tiketi na kupika. Nahodha ndiye mama mwenyewe!

— Na ndevu je? — Philipo akauliza.

— Manyoya ya mbuzi na gundi.

Hapo hata Job alitabasamu. Philipo aliliona lile tabasamu, akalikimbilia.

— Maktaba, usijali. Tunakusamehe kwa kutulisha uongo miaka mitatu. Lakini kuanzia Ijumaa ijayo utasoma kitabu cha mapishi. Huko mtu akidanganya tunajua siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi Hadijah, Mganda wa Jinja, mlezi wa watoto katika jengo la nyuma. Alikuwa na miezi miwili tu Doha, na hii ilikuwa Ijumaa yake ya pili hapo. Kwao alikuwa mwalimu, na wiki iliyotangulia alikuwa ameazima kwa Job kitabu cha tatu. Sasa alikitoa mkobani na kukiweka magotini.

— Samahani, mzee Job. Mimi nauliza tu. Yule mama wa nahodha yuko ukurasa gani?

— Mama yupi? — Job akauliza, ingawa alijua.

— Sista alinisimulia, ndiyo nikakiazima. Nahodha anarudi baada ya miaka tisa, mama yake amekaa mlangoni, hamtambui. Lakini anamkaribisha kama mgeni, anamtilia maziwa kwenye kibuyu. Akinywa tu, mama anamjua kwa vile anavyofumba macho. Nimesoma chote mara mbili. Sijamwona.

— Yupo! — Phoebe akasema. — Nililia mimi. Kesho yake asubuhi nikampigia mama yangu Kisii. Mwambie, mzee Job.

Job alikitazama kile kitabu.

— Nahodha wa Kizungu, na kibuyu cha maziwa... — Philipo akasema polepole, akamgeukia Job.

— Hayumo, — Job akasema. — Hiyo sehemu niliitia mimi.

Akawaambia basi, bila kuinua macho. Kwamba mama yake aliugua Machi, miaka minne iliyopita, kule Kapsabet. Kwamba aliomba ruhusa ya kusafiri, wakamwambia subiri, na ruhusa ikaja Jumatano ilhali walishazika Jumamosi iliyotangulia. Mazishi aliyatazama kwenye simu, akiwa lindoni, amevaa sare, mtandao ukikatika kila baada ya wimbo. Wakazi walipita, naye akawafungulia mlango.

— Ijumaa ile nilipofika pale nahodha anarudi nyumbani, kitabu kinasema tu, akafika, watu wakafurahi. Mstari mmoja. Nikaona haitoshi.

Phoebe alisogea karibu naye, akamshika mkono juu ya kifundo, mahali pa kusikilizia mapigo. Sijui kama mwenyewe alijua.

— Miaka minne, mzee Job, — akasema. — Na kila Ijumaa tuko hapa.

— Kila mtu hapa ana lake. Ningewaletea na langu?

— Ungeleta, — Philipo akasema, na sauti yake haikuwa ya Kafili. Aliinuka kutoka katikati ya benchi, mahali pake, akaenda kukaa ukingoni kando ya Hadijah. — Kaa hapo kati, mzee. Sitaki habari za Toliva tena, akae na treni zake. Huyu mama aliitwa nani?

Job alisogea. Ilimchukua muda kulipata jina, maana tangu mama azikwe hakuwa amelitamka kwa sauti mbele ya mtu.

— Tapsubei.

— Alikuwaje?

— Mfupi, — Job akasema, na bila kutaka akaanza kucheka. — Mfupi hivi. Na kijiji kizima, kuanzia jogoo mpaka chifu, kilimwogopa.

— Chifu? — Hadijah akauliza, akisogeza kichwa apate kusikia. — Kwani alimfanya nini?

— Subiri, — Job akasema. — Nianze na jogoo.