Jongoo Bahari kwa Mke wa Fundi

Benchi letu liko barazani kwa Fundi, mshona nguo. Wenyewe tuko wanne: Fundi na cherehani yake; Mkemia, anayeuza sabuni za kujichanganyia mwenyewe; Dada Chupa, muosha vyombo kwenye maabara ya chuo; na mimi, mchemsha kahawa. Asubuhi ile Fundi hakushona. Mkewe alikuwa amefanyiwa upasuaji, kisha damu ikamganda mguuni, na sasa kila siku Fundi anamchoma sindano ya kuzuia damu isigande tena. Tangu juzi fizi zinamtoka damu. Fundi akafungua mfuko, akatuonyesha vitu vyeusi vilivyokauka kama soli za viatu vya zamani.

— Jongoo bahari, alisema. Si ndio hawa mnaowasaga huko maabara, Dada Chupa?

— Ndio hao. Kuna sukari fulani kwenye ngozi yao, inachelewesha damu kuganda. Wanasema huenda isimtoe mtu damu ovyo kama dawa nyingine. Huenda.

— Basi dawa si hiyo hapo, alidakia Mkemia. Ushaona papa kavimba mguu?

— Papa hana mguu, nikamwambia.

— Unaona sasa? Bahari haigandi, kwa hiyo na cha baharini hakigandi. Hata mabaharia hawafi kwa damu kuganda.

— Wanakufa kwa kuzama, Mkemia.

— Lakini damu yao iko sawa. Fundi, mtwangie, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ukiisha damu inapita kama maji ya bomba.

Dada Chupa aliweka kikombe chini.

— Sikilizeni. Kule wanamsaga, wanamchuja, wanamchuja tena wiki nzima, wanapata unga usiojaa ukucha. Huo wanampa panya. Bado tuko kwa panya. Ukichanganya na sindano, kaka yangu, sijui kama damu itasimama. Ukiacha sindano, sijui kama lile bonge la damu litatulia mguuni au litapanda kifuani.

— Kwa hiyo nikae nimtazame tu? Sauti ya Fundi ilikuwa ndogo. Nikimchoma anatoka damu. Nisipomchoma inaganda. Wewe ungefanyaje?

— Mkono usioweza kuukata, ubusu, alisema Mkemia.

Hakuna aliyemuuliza ni mkono gani.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja, mgeni kwetu, kufuata sketi ya bintiye. Alikuwa amesimama akitusikiliza.

— Samahani jamani, alisema. Mgonjwa mwenyewe anasemaje?

Mkemia alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Fundi. Fundi akawa anakunja mdomo wa mfuko polepole.

— Sijamwambia, alisema mwishowe. Nilipanga nimtilie kwenye supu.

Dada Chupa akanyoosha mkono, Fundi akampa mfuko. Kisha Fundi akavaa viatu, akaenda nyumbani.

Kesho yake Fundi alifungua duka saa sita mchana. Asubuhi yeye na mkewe walikuwa hospitali. Daktari alipima damu, akapunguza kipimo cha sindano, akawakanya wasiongeze kitu kingine chochote bila kumuuliza.

— Ulimweleza vizuri lakini? aliuliza Mkemia.

— Mimi nilikaa tu, alisema Fundi, macho kwenye kitambaa. Mke wangu alikuwa na maswali tisa, kayaandika kwenye karatasi. Kayaandika tangu juzi. Alikuwa anasubiri nimuulize.