Eugenia Kapinga Anarudi Mbinga

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi. Eugenia Kapinga, Mkaguzi Mkuu wa magari katika kituo chetu hapa Tarime, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, yote ndani ya Mkoa wa Mara. Sisi tunamwita Mama Naomi. Madereva wa njia ya Mugumu wana majina mengine wanayomwita, na baadhi hayafai kuchapwa kwenye ratiba ya sherehe.

Ifahamike pia kwamba hii ni mara yake ya pili kuagwa. Aliagwa mwaka 2017, mbuzi akaliwa, hotuba zikasomwa, kisha hakuondoka. Wageni wanaouliza kwa nini tunacheka kila anayesimama akisema "leo tunamuaga rasmi", sababu ndiyo hiyo.

Alizaliwa Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa wakulima wa kahawa. Alisomea ufundi wa magari wakati ambapo msichana mwenye spana alikuwa kituko cha kijiji kizima. Akaolewa na Mwalimu Danford Ndunguru, wakapata mtoto mmoja, Naomi. Januari 1997 akaajiriwa na kupangiwa karakana ya Tarime. Mwalimu alibaki nyumbani kwa sababu mama yake mzazi alikuwa hajiwezi, na mtoto akabaki naye. Walikubaliana iwe miaka miwili. Kila mtumishi aliyepangiwa mbali na kwao anaijua miaka miwili ya namna hiyo.

Siku hizo simu za mkononi hazikuwapo huku. Lori likiingia karakana, kabla ya kuuliza linaumwa nini, Eugenia aliuliza linatoka wapi. Likiwa limetoka kusini, hata kama ni Makambako tu, dereva alipewa chai na kuulizwa kama mvua zimenyesha. Kahawa ya Tarime ilipochanua, alikuwa akitoka kazini na kusimama nje ya uzio wa shamba la watu, macho ameyafumba, akivuta ile harufu. Mwenye shamba alimvumilia msimu wa kwanza. Msimu wa pili alimfuata na kumuuliza anapanga kuiba nini.

Kazini hakuwa na makuu, ila alikuwa na ulimi. Mzee Ochieng wa Migori, Kenya, aliyekuwa akivusha mizigo mpakani Sirari, anakumbuka siku alipoingia karakana akiwa na haraka zake, akakuta miguu miwili imetokeza chini ya lori lake, akaita, "Fundi ako wapi hapa?" Sauti ya kike ikajibu kutoka chini, kwa Kiswahili chake hicho hicho cha ng'ambo, "Ako chini ya gari yako, na springi yako moja haiko." Walikuwa marafiki tangu siku hiyo.

Mwaka 2006 alihamia upande wa ukaguzi. Tuseme ukweli: miaka ile, mahali pengi, gari lilikaguliwa kwa macho. Washa taa, piga honi, chukua stika, nenda. Yeye aliingia chini ya magari kwa hiari yake, na foleni yake ikawa ndefu kuliko ya mwingine yeyote. Kila mwaka aliomba uhamisho wa kurudi Mbinga, na kila mwaka akaambiwa asubiri. Naomi alikua akimwita bibi yake "mama", na Eugenia akamwita "Mama wa kwenye simu", yule aliyekuja likizo na zawadi. Aliwahi kutusimulia hilo akicheka, na sisi tukacheka naye. Baadaye tu ndipo tulipojiuliza tulikuwa tunacheka nini.

Kisha ukaja mwaka 2017 na agizo la kukaza ukaguzi. Kila gari lipite juu ya shimo la ukaguzi, breki zipimwe, moshi upimwe kwa mashine, na litakaloshindwa lisirudi barabarani mpaka litengenezwe. Wiki hiyo hiyo uhamisho wake ukakubaliwa. Ndipo tukamchinjia yule mbuzi.

Alikuwa amebakiza siku chache za kunikabidhi kazi mimi ninayeandika haya, niliyekuwa mgeni kazini na mwoga wa lile shimo, pale Deus alipoleta Noah yake, inayobeba abiria kati ya Kemambo, Kewanja na mjini. Sisi tuliokuwa juu tuliona gari lililooshwa vizuri. Eugenia alishuka na tochi, akamulika huko chini, kisha akaita kwa upole.

"Deus, abiria wako wa kiti cha nyuma huwa wanakuwaje?"

"Wanalala, Mama. Wametoka shambani, wamechoka."

"Wanalala kwa moshi, Deus."

Bomba la moshi lilikuwa limetoboka chini ya kiti cha nyuma, na sakafu juu yake imeliwa na kutu. Moshi wote uliingia ndani, wakati wa baridi ya asubuhi ambapo abiria hufunga madirisha. Gari likazuiwa.

Kesho yake aliingia Mokami, muuza ndizi wa Kemambo, mtoto mgongoni, hasira mbele. Ndizi zake zilikuwa zimebaki kando ya barabara. "Wewe unaletwa kazini na gari la serikali!" alimwambia Eugenia mbele yetu sote. "Mimi ndizi zangu zitatembea kwa miguu?" Eugenia alimpa kiti, akamwacha amalize. Kisha akamuuliza kama akishuka kwenye ile gari kichwa humuuma.

"Kila siku," Mokami alisema. "Na mtoto anatapika. Nilijua ni mwendo wa gari." Akamshusha mtoto mgongoni, akamtazama. "Mama, huyu angeweza kufa mle?"

"Angeweza."

Mokami alimfunga mtoto mgongoni upya. Alipoinuka hasira ilikuwa imemtoka. Alimshika Eugenia mkono, akamwambia, "Basi usiliachie."

Wakati huo kituo kizima kilikuwa na wakaguzi wawili walioweza kupima moshi, na mmoja alikuwa anaondoka. Eugenia alinitazama. Nilitazama chini. Siku ile ile akaenda kwa mkuu wa kituo, akaomba uhamisho wake usogezwe mwaka mmoja.

Alimpigia mumewe kutoka barazani. Mtandao ulikuwa mbaya na ilimlazimu kupaza sauti, hivyo tulisikia: "Naomba mwaka mmoja tu, Mwalimu. Mmoja." Kisha akawa anasikiliza. Miaka mingi baadaye alinieleza alichoambiwa. Mwalimu aliuliza, "Wakikupa huo mwaka, utaniomba mwingine?" Eugenia hakuweza kujibu, kwa sababu hakutaka kumdanganya. Mwalimu akamtakia kazi njema, akakata simu.

Noah ya Deus ilichomelewa sakafu, ikawekewa bomba jipya, ikarudi barabarani baada ya wiki mbili. Mwaka ule magari mengi yalizuiwa. Ilitokea hata mawe kurushwa kwenye bati la nyumba yake. Alizunguka Wilaya ya Serengeti yote na mashine ya moshi nyuma ya pikapu, mpaka Busawe, ambako wananchi walidhani amekuja kuchanja ng'ombe na wakampangia foleni ya mifugo. Mwalimu alipokea simu zake kama kawaida, lakini alikuwa haulizi tena atarudi lini. Hilo lilimuuma kuliko mawe.

Julai mwaka uliofuata tulikuwa kwenye ukaguzi wa barabarani, njia ya kutoka Musoma. Likasimamishwa basi lililotoka Mwanza. Tairi za nyuma vipara, moshi mweusi kama wa tanuri la mkaa. Eugenia akaamuru abiria wote washuke wasubiri basi lingine. Tulitukanwa kwa Kiswahili, Kikurya na Kijaluo. Mama mmoja mnene alisimama mlangoni akatangaza, "Huyu mwanamke hana mume, ndiyo maana hana huruma!"

Nyuma yake ikasikika sauti ya mtu mzima, taratibu, ya mwalimu.

"Anaye. Ni mimi. Na mimi pia nimeshushwa."

Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti, ameshika begi mkono mmoja na gunia dogo la kahawa mkono wa pili. Mama yake alikuwa ameshafariki, Naomi ameshaajiriwa uuguzi Songea, naye akaomba kustaafu kwa hiari, akafunga nyumba, akapanda basi bila kumwambia mtu. Eugenia alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Kisha akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nisubiri kidogo, nimalize." Akamaliza kumwandikia dereva makosa yake yote. Halafu akaenda nyuma ya basi, na nilipomfuata nilimkuta amekumbatia ile tairi mbovu, analia.

Wakapanga nyumba karibu na soko. Watu wawili waliooana zaidi ya miaka ishirini wakaanza kujuana upya. Mwalimu aligundua mkewe hanywi tena chai yenye sukari. Alikuwa ameacha miaka mingi iliyopita na hakuna aliyemwambia. Eugenia naye aligundua kwamba mumewe hukoroma, na akatutangazia kazini kama mtu aliyepandishwa cheo. Mchana Mwalimu alikuja na chakula, akachuchumaa ukingoni mwa shimo, mkewe akiwa chini, wakaongea huku mikono ikifanya kazi. Alijifunza salamu za Kikurya akazikosea zote, na wauzaji sokoni walimpunguzia bei ili azirudie. Hatujawahi kumwona Mama Naomi akitembea upesi kama alivyotembea kurudi nyumbani miaka ile. Ilikuwa mitatu, haikufika hata mitatu kamili.

Aprili 2021, mvua zikiwa nyingi, moyo wa Mwalimu ulisimama asubuhi akiwa anafunga viatu.

Alikuwa ameusia azikwe kwao. Naomi akaja kutoka Songea, gari likakodiwa, jeneza likapakiwa, waombolezaji wakaketi. Ndipo Eugenia, amevaa kanga za msiba, alipochukua tochi na kuingia chini ya lile gari. Alitoka na tope mgongoni, akasema mpira wa breki umechanika na gari haliendi popote. Mzee Opondo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alimwendea pembeni. "Mama Naomi," alimwambia, "hata leo?"

"Leo Naomi yumo humo ndani," alijibu.

Tulikaa mpaka alasiri gari lingine likapatikana, na ndugu waliokuwa wakisubiri Mbinga waliahirisha maziko. Wapo walionung'unika. Eugenia alikaa kwenye kigoda kando ya jeneza, mkono juu ya kifuniko.

Wengi tulidhani hatarudi. Alirudi baada ya arobaini, akavaa ovaroli, akaendelea miaka minne. Katika miaka hiyo alifundisha wakaguzi watano, mmoja wao ni mimi, na sote tunaingia shimoni bila kusukumwa. Deus sasa huleta gari kabla hajaitwa. Mtoto wa Mokami yuko darasa la pili Kemambo, na inasemekana ni mtundu sana.

Siku moja nilithubutu kumuuliza kama anajuta. Alifuta mafuta vidoleni. "Ile gari ya Deus ningeizuia tena," alisema. "Na mume wangu ningemrudia mapema. Yote mawili ni kweli, Agustina, na hayapatani. Nimeacha kuyapatanisha."

Sasa anakwenda. Naomi amehamia hospitali ya Mbinga na ana mtoto mdogo ambaye, kwa taarifa tulizonazo, anajua bibi ni nani na mama ni nani. Nyumba waliyoijenga na Mwalimu kwa maelekezo ya simu inamsubiri, na kaburi liko nyuma yake, penye kahawa. Juma lililopita tulimkuta ofisini amekaa tu, tukamuuliza kama anaogopa safari. Alisema majirani aliowaacha wengi wamekufa, na njia za mtaani hazijui tena. "Nimeitamani Mbinga mpaka nimeisahau," alisema. "Na nikifika huko, najua nitaanza kuwatamani ninyi. Mimi ni wa kutamani tu."

Kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi, na hata madereva wa njia ya Mugumu ambao wameomba tusiwataje, tunasema asante. Asante kwa watu wanaofika makwao jioni bila kujua kwamba wewe ndiye sababu. Asante kwa Mwalimu, uliyetugawia kwa muda mfupi. Asante kwa miaka uliyotupa sisi badala ya wako. Hatukuiomba yote, lakini tuliipokea yote, na hatuna namna ya kuirudisha.

Mungu akupe siku nyingi na nyepesi, Mama Naomi. Ukifika, usitafute sababu ya kutupigia simu. Piga tu. Hata ukikaa kimya, tutajua ni wewe, na hatutakata.

Agustina Nyangi,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzake