Bwana Taulo, Fundi Aliyenifungulia Ukurasa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hamkuwahi kumsikia redioni, na yeye mwenyewe angeona haya kutajwa. Alikuwa fundi wa tovuti ya kituo chetu. Kazini tulimwita Bwana Taulo. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane, baada ya kuugua miezi minne.

Kwa nini Taulo? Nitawaambia, msinikimbize.

Bwana Taulo hakuanza na kompyuta. Alianza kwa kuchora mabango ya maduka. Ngazi, ndoo ya rangi, brashi tatu. Mkewe anakumbuka walivyokutana: "Nilikuwa napita chini ya ngazi yake, akanimwagia rangi ya bluu begani. Akashuka kuniomba radhi, akasahau kupanda tena." Gauni lile mama analo mpaka leo, na doa lake.

Kazi ya mabango ilipopungua, akajifunza kutengeneza kurasa za tovuti. Lakini mkono ulibaki ule ule wa mabango. Akitaka kichwa cha habari, aliyachukua maneno, akayakuza, akayakoleza, akayatia rangi nyekundu. Basi. Kwa macho kilikuwa kichwa. Kwa kompyuta yalikuwa maneno kama mengine, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba hiki ni kichwa.

Hapo ndipo mimi naingia. Wengi wenu mnajua kwamba sioni. Kompyuta yangu ina programu inayonisomea yaliyomo kwenye skrini. Ukurasa ukipangwa sawasawa, nabonyeza kitufe kimoja, naruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyopitisha macho gazetini. Usipopangwa, nasomewa yote, kuanzia juu, neno kwa neno, mpaka nichoke.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kituo hiki kilitangaza nafasi ya mtangazaji. Maombi yalipokewa kwenye tovuti tu. Mwisho, saa kumi kamili jioni. Nilikuwa nimeshakataliwa kazi mara sita. Mara sita, wasikilizaji. Nilijiambia hii ndiyo ya mwisho, nikikosa naacha kutafuta.

Nikaanza saa saba mchana. Nikasomewa historia ya kituo. Nikasomewa ratiba, matangazo ya biashara, salamu za mkurugenzi. Salamu zile nilizisikia mara nne, hadi leo nimezikariri. Nikipitiliza kidogo, nikirudi nyuma napotea, naanza tena juu. Fomu siipati. Na ukurasa wenyewe, niliambiwa, ulikuwa unapendeza ajabu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Saa tisa na dakika tano nikapiga namba ya simu niliyosomewa pale juu. Akapokea yeye.

"Kaka, huu ukurasa katengeneza nani?"

"Mimi, dada." Kwa fahari kabisa.

"Basi umenifungia nje."

Akashangaa. "Mbona vichwa viko wazi? Vikubwa, vyekundu!"

"Wekundu mimi siuoni, kaka. Na kompyuta yangu haijui kwamba hivyo ni vichwa."

Akasema, kwa upole, "Nitajie majibu yako, nikujazie mimi."

Kwa haraka niliyokuwa nayo ningekubali. Lakini nilikuwa nimechoka kujaziwa. Nikamwambia, "Ahsante, ila hapana. Nikiipata kazi, tovuti hii nitaitumia kila siku. Utanijazia mpaka lini?"

"Nipe nusu saa," akasema. "Usikate simu."

Sikukata. Nilisikia vidole vyake vikigonga, na yeye akijisemea: hiki kikuu, hiki chini yake, hiki nacho chini ya hiki. Saa tisa na dakika arobaini na moja akaniambia, "Fungua upya."

Nikafungua. Nikabonyeza: Kuhusu Kituo. Nikabonyeza: Ratiba. Nikabonyeza: Nafasi za Kazi.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika."

Nilituma saa tisa na dakika hamsini na nne. Kazi nikaipata. Kazi nilipewa na wakubwa wa hapa, nawashukuru, lakini aliyenifungulia mlango ni yeye.

Sasa taulo. Kesho yake baada ya simu ile, alikuja kazini na taulo la kuogea, akaifunika skrini yake, akawasha spika na programu kama yangu, akaanza kutembea kwenye kurasa zake kwa masikio tu. Watu walicheka, wengine wakamuuliza kama kompyuta ina homa. Hakujali. Tangu siku ile, ukurasa ambao hakuweza kuumaliza chini ya taulo haukutoka. Mkewe analalamika huku anatabasamu: "Nilikuwa nanunua taulo, zinaajiriwa."

Alikuwa mkali pia, tusimfanye malaika. Mhariri mmoja, baada ya kichwa kikuu, aliruka ngazi ya pili na ya tatu, akaweka kichwa cha ngazi ya nne, eti herufi zake ndogo zinapendeza. Bwana Taulo akamrudishia ukurasa. "Mjukuu hazaliwi kabla ya mama yake," akamwambia. "Ukitaka herufi ndogo, punguza herufi. Ukoo usinivurugie."

Binti yake, mwalimu wa hisabati, alimuuguza hadi mwisho. Anasema siku moja baba alimshika mkono, yeye akadhani atapewa wosia mzito. Mzee akasema, "Tangazo langu la kifo lipite chini ya taulo kwanza."

Jumatano asubuhi binti huyo akanipigia. "Shangazi, nimelitengeneza. Nimelifunika, nimelisikiliza. Lakini jaribu na wewe."

Nikabonyeza: jina la baba yake. Nikabonyeza: Wasifu. Nikabonyeza: Mazishi. Nikabonyeza: Shukrani.

"Umefika, shangazi?"

Nikakata simu bila kujibu. Nisamehe, mwanangu.

Kwa mjane, kwa binti, kwa ndugu na kwa wote waliofanya kazi naye: poleni sana. Mmepoteza mume, baba, ndugu. Sisi tusioona tumepoteza mtu aliyekosea, akaambiwa, akarekebisha siku ile ile. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Na wewe msikilizaji unayeandika kurasa, za shule, za hospitali, za duka lako: leo chukua taulo. Funika skrini yako, usikilize. Jiulize ni nani uliyemwacha nje bila kujua.

Binti, uliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Nalijibu sasa, kwako na kwa baba yako, kwa sauti hii aliyonisaidia kuifikisha hapa.

Nimefika.