Mashine Mbili na Kiti cha Mbele

Benchi lilikuwa la mbao, refu kiasi cha kutosha watu wanne wanaopatana au watatu wanaobishana, na lilikaa mbele ya chumba cha kinyozi, upande wa kivuli. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Kinyozi mwenyewe, ambaye mtaa mzima humwita Shemeji, kwa kuwa kila mteja akikaa kitini huambiwa kwamba kinyozi nusura amwoe dada yake. Kamusi, karani mstaafu wa bohari, mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Na Brashi, msafishaji wa magari kwa ndani: viti, mazulia, dari, na zile pembe ambazo watoto huficha biskuti. Mama Birika alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda chake, anamimina kahawa na kusikiliza. Chini, mbele ya miguu yao, zilikuwa zimepangwa mashine mbili za kusafishia mazulia, na hakuna mpita njia aliyepita bila kugeuza shingo.

Tangu aanze kazi, Brashi alisugua viti kwa mkono na kukausha kwa kitambaa. Sasa bega lilikuwa limeanza kumgomea, na wateja walikuwa wanamponyoka kwenda kwa wale wa kituo cha mafuta, wenye mashine inayonyunyiza maji ya sabuni ndani ya kitambaa kisha kuyanyonya pamoja na uchafu. Akajibana, akajinyima, hadi akapata pesa za kununua moja. Moja tu. Akikosea, ndiyo imekula kwake. Mwenye duka la vifaa ng'ambo ya barabara, ambaye hunyolewa hapo kwa Shemeji, alimruhusu azitoe nje zote mbili azitazame kwenye mwanga. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo, nyekundu, ina taa ya buluu na inapasha maji moto. Ya pili ilikuwa imetumika katika hoteli iliyofungwa: kubwa, ya kijivu, gurudumu moja limekwama, lakini mpira wake wa kunyonyea maji ni mnene kama kifundo cha mkono. Bei zilikuwa zinakaribiana.

— Chukua nyekundu, alisema Shemeji. Mteja hula kwa macho kwanza. Hiyo ya kijivu ukimtolea mtu atadhani umekuja kuzibua choo.

— Nyekundu hupata joto haraka, alisema Kamusi. Ndiyo maana jiko likikolea huwa jekundu.

— Kamusi, jiko huwa jekundu kwa sababu ya moto.

— Na moto ukaja kwa sababu gani? Fikiri kabla hujanijibu.

Brashi alicheka, akainama kuinua ile nyekundu. Nyepesi. Angeweza kuibeba kwa mkono mbovu bila shida.

— Mimi nataka kitu kimoja tu, alisema. Kiti kikauke upesi. Kusugua najua. Kukausha ndiko kunakonishinda.

— Hilo halihitaji mashine, alisema Shemeji, akaweka kikombe chini ili mikono yake ipate nafasi ya kuongea. Simu ikiingia maji unaitia wapi?

— Kwenye mchele.

— Basi.

— Basi nini? Nitie gari kwenye mchele?

— Viti tu, bwana. Mbona unapenda kukuza mambo? Unamwaga gunia ndani, unafunga vioo, unaenda kunywa kahawa.

— Na mchele ule nani ataula? aliuliza Mama Birika.

— Wa kituo cha mafuta, alisema Shemeji, na hata Mama Birika akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

Kamusi hakucheka. Alingoja watulie, kama mtu anayengoja kengele.

— Tatizo lenu mnayasumbua maji. Maji ni kiumbe mwoga. Ukiwasha mashine yenye kelele, kama hiyo ya kijivu, yanashtuka, yanakimbilia chini ya sponji, yanakaa kimya. Ukizima, yanapanda. Ndiyo maana mtu anakabidhiwa gari kavu, akifika nyumbani limelowa.

— Hiyo umeisoma wapi?

— Bohari. Tulikuwa na mapipa.

— Mimi naona tuegeshe gari mlimani, alisema Shemeji. Pua juu, mkia chini. Maji yote yanateremkia nyuma, unafungua buti, unakinga ndoo.

— Na dereva akiwa mlevi je, alisema Kamusi, gari likiwa limeelekea juu, si...

Gari dogo jeupe lilipunguza mwendo, likasimama karibu na benchi, na maneno ya Kamusi yakabaki njiani. Brashi alilijua. Alikuwa amelisafisha juzi: kiti cha mbele, doa la uji wa dawa, kazi ya nusu siku. Akasimama kwa furaha, akidhani ameletewa sifa au kazi nyingine.

Aliyeshuka ni yule mwenye gari, dada wa makamo mwenye miwani. Alifunga mlango taratibu, akasogea hadi kwenye benchi kabla ya kufungua mdomo.

— Habari za asubuhi.

— Nzuri, dada. Karibu kahawa.

— Asante. Nilikuwa namtafuta kaka huyu.

— Doa limerudi? aliuliza Brashi.

— Doa limetoka, umelitoa vizuri sana. Ni kiti. Juu nilikigusa kwa mkono nikaona kimekauka. Jana nikampeleka baba kliniki. Njia ndefu, mzee kakaa hapo, kumbe sponji ndani bado imejaa maji. Aliposhuka suruali ilikuwa imelowa huku nyuma. Pale mlangoni, watu wamejaa.

Alitazama gari, akashusha sauti zaidi.

— Akadhani ni yeye.

Shemeji alishika kikombe chake bila kunywa.

— Nimemwambia ni kiti. Hataki. Anasema namfichia aibu yake, na kwamba mimi ni mtoto mwema. Leo tunarudi kuchukua majibu. Kiti cha mbele kakikataa. Kakaa nyuma, katandika nailoni mwenyewe.

Brashi alitazama kwenye kioo cha mlango wa nyuma wa gari. Mzee alikuwa amekaa wima, kofia mapajani, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Brashi alikuwa amelikabidhi gari lile huku anapiga mluzi.

— Sijaja kugombana, alisema yule dada. Nimeona mna mashine. Nauliza tu, kati ya hizi, ni ipi inayotoa maji kwenye kiti?

Shemeji alimtazama Kamusi. Kamusi aliziinamia mashine, akatafuta maandishi ya kusoma. Mama Birika alimtazama kila mmoja kwa zamu. Asubuhi nzima walikuwa wamezisifu, wamezitukana, wamezipandisha mlimani, na hakuna aliyekuwa ameziwasha.

— Shemeji, alisema Brashi, nipe umeme.

Waya ulitolewa dirishani kwa kinyozi. Mwenye duka, kutoka ng'ambo, aliinua mkono kukubali. Brashi akafungua mlango wa mbele wa gari, akainama.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, alisema mzee, bila kugeuza macho.

Alianza na nyekundu. Taa ya buluu ikawaka, mashine ikaimba kwa upole. Akakandamiza mdomo wa mashine kwenye kiti na kuuvuta polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kwenye tangi lake la maji machafu yalidondoka matone machache, kama ya mtu anayelia kwa kulazimishwa.

— Inaanza kuchangamka, alisema Kamusi, lakini kwa sauti ndogo.

Brashi aliizima, akaichomeka ya kijivu. Ilinguruma hadi njiwa wakaruka kutoka paa la duka. Aliweka mdomo wa mashine hiyo mahali palepale, akauegemea kwa uzito wa mwili, akavuta. Kwanza hakukuja kitu. Kisha mpira ukatetemeka, maji yakaanza kukimbia ndani yake, yakaanguka kwenye tangi kwa kishindo, yana rangi ya chai ya rangi. Akavuta tena. Yakaendelea kuja. Tangi lilikuwa linaonyesha ndani, na kila aliyekuwa pale aliyaona yakipanda.

Mzee alikuwa ameinama mbele, kichwa kati ya viti viwili.

— Hayo yanatoka wapi?

Brashi alizima mashine ili asikike.

— Kwenye kiti, mzee. Niliyatia mimi juzi wakati wa kuosha, nikashindwa kuyatoa yote. Halafu nikampa dada gari kabla halijawa tayari. Kosa ni langu. Nisamehe sana.

Mzee alinyoosha mkono, akakandamiza kiti upande ambao mashine ilikuwa haijapita, kwa nguvu zake zote. Akautazama mkono. Ulikuwa unang'aa maji.

— Washa tena.

Brashi akawasha. Mzee alitazama mpaka maji yakakoma na tangi likafika zaidi ya nusu. Kisha akasema, si kwa Brashi wala kwa binti yake, kama anayejisomea:

— Mengi hivyo. Hata kijana angelowa.

Akavaa kofia. Akafungua mlango mwenyewe, akaukataa mkono wa binti yake, akashuka kwa hatua za kupima na kuja kwenye benchi. Kamusi alimpisha bila kuambiwa.

— Mnauza kahawa hapa?

Mama Birika alilitikisa birika. Lilikuwa limebakiza ya kikombe kimoja, na zamu ilikuwa ya Kamusi.

— Mpe mzee, alisema Kamusi.

Yule dada aligeukia barabarani, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Tangu jana, tangu pale mlangoni pa kliniki, baba yake hakuwa amekunywa chochote, ila lile funda la maji la kumezea vidonge, na hata hilo kwa kubembelezwa.

Mzee alikunywa taratibu, mpaka machicha. Akageuza kikombe, akakitazama, akamrudishia Mama Birika.

— Ongeza.

— Imekwisha, baba.

— Basi bandika nyingine, mwanangu, alisema mzee, akijiweka vizuri kwenye benchi. Kliniki haihami.